Mwajiri Asipolipa Kodi ya Nyumba, Anadaiwa Nani?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mwenye nyumba amempa notisi kwa malimbikizo ya kodi ambayo mwajiri wake aliahidi kuilipa, naye anauliza iwapo deni hilo ni lake. Jibu langu huwaudhi wengi: tazama jina lililo kwenye mkataba wa upangaji. Ikiwa mpangaji ni wewe, mwenye nyumba atakudai wewe, hata kama fedha zilikuwa zikitoka kwa mwajiri, kwa sababu ahadi mliyopeana wewe na mwajiri haimfungi mwenye nyumba asiyehusika nayo.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Barua yangu ya ajira ilieleza wazi kwamba kodi italipwa na mwajiri kutokana na makato ya mshahara wangu, ila mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina langu, kama mwajiri mwenyewe alivyotaka. Kodi ikalipwa, ikaanza kuchelewa, kisha kimya. Mhasibu akawa ananiambia kwamba malipo "yanashughulikiwa", neno ambalo hadi leo nikilisikia damu hunichemka, kwani hati yangu ya mshahara iliendelea kuonyesha mstari wa makato ya nyumba. Mwenye nyumba, mzee mstaarabu, alinisikiliza hadi mwisho, akafungua ukurasa wa saini na kuweka kidole juu ya jina langu.

Nililipa kwa akiba yangu, nikadai stakabadhi inayotaja kila mwezi uliolipiwa, kisha nikamgeukia mwajiri. Barua ya ajira, hati za mshahara na stakabadhi zile zilionyesha kwamba nimebeba mzigo ambao, baina yangu na yeye, ulikuwa wake. Baada ya barua ya wakili alirejesha fedha zote, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi kumwona mhasibu yuleyule akiniandikia hundi.

Mambo hugeuka ikiwa mwajiri ndiye mpangaji na wewe unaishi humo kwa sababu ya kazi. Hapo kodi hudaiwa yeye, ingawa unaweza kutolewa vilevile, maana ukaaji wako umeegemea mkataba wake. Akiwa mdhamini tu, mwenye nyumba hupata mtu wa pili wa kumdai, lakini wewe hujatoka kwenye deni. Someni basi kabla ya kutia saini, ndugu zangu, wala msikubali kuambiwa kwamba ni utaratibu tu! Mwajiri anayesema atalipa kodi na atie saini yake mbele ya mwenye nyumba. Akikataa, asikate chochote, akupe mshahara wako ulipe mwenyewe.

Nawe uliyeniandikia, usiiweke notisi hiyo kabatini ukingoja mwajiri atimize ahadi. Mwandikie mwenye nyumba leo ukiomba kulipa kwa awamu, mpe mwajiri dai la maandishi lenye tarehe ya mwisho, na nyaraka zote zimfikie mwanasheria wa hapo unapoishi kabla muda wa notisi haujaisha.