Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi

Je, tumbo likisumbuliwa na maziwa, kuyachemsha kutaondoa laktosi? Hapana, hata uyachemshe mara tatu, laktosi inabaki palepale. Hiyo ni sukari ya asili ya maziwa. Kwa anayesumbuliwa nayo, kinachopungua mwilini ni laktasi, kimeng'enya cha kuivunja laktosi kwenye utumbo mwembamba. Laktosi ikipita nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, ndiyo hizo gesi na kuharisha.

Ila huna haja ya kuacha maziwa yote. Wengi huvumilia hadi gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, yaani karibu kikombe kimoja cha maziwa, hasa yakinywewa pamoja na chakula. Mimi nusu kikombe tu kabla sijala, tumbo ngoma. Nikinywa baada ya kula, kimya kabisa. Mtindi una nafuu kwa sababu bakteria wake husaidia kuivunja, na jibini ngumu iliyokaa miezi haina laktosi ya kuhesabu. Angalia pia pakiti za biskuti na supu za unga, unga wa maziwa hujificha humo.

Mwenye mzio wa maziwa asifuate haya. Tatizo lake ni protini, na kwake hata kidogo ni hatari.