Anzeni na Ukuta Utakaofunguliwa: Kwa Wanaoanza Kubuni Nyumba Ndogo za Mbao

Mbunifu anayeanza kazi ya nyumba ndogo za mbao, zile zinazojengwa kwa vipande vya kuunganisha, kwa kawaida hutangulia kuchora vyumba: hapa watalala wazazi, hapa watoto, hapa jiko. Nami nilianza hivyo. Nyumba yangu ya kwanza, niliyoichora kwa ajili ya mume na mke wenye mtoto mmoja katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ilikuwa nadhifu na haikuvuja, lakini miaka minne baadaye mama mzazi wa mume alihamia kwao akiwa na maradhi ya miguu, na hapakuwa na ukuta hata mmoja ambao ungeweza kufunguliwa bila kukata mishazari inayoizuia nyumba isiyumbe kwa upepo. Walimjengea mama chumba cha tofali nyuma ya nyumba, na usiku wa mvua alilazimika kuvuka uwanja ili afike chooni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaoanza: kabla ya kuchora chumba chochote, choreni mahali ambapo nyumba itakuja kufunguliwa.

Katika kila upande ambao nyumba inaweza kukua, chagueni nafasi moja kati ya nguzo mbili, wekeni juu yake lenta, yaani boriti inayobeba mzigo juu ya uwazi, ya mbao mbili za inchi 2 kwa 6 zilizofungwa pamoja na kubebwa na nguzo zake zenyewe, kisha zibeni sehemu ya chini kwa paneli isiyobeba mzigo wowote. Paneli hiyo ifungwe kwa skrubu, si kwa misumari wala gundi. Mwenye nyumba ataiona kama ukuta mwingine wowote. Siku atakapohitaji mlango, fundi ataitoa nzima bila kugusa kitu kinachobeba paa. Mishazari yote ipelekwe kwenye pembe ambazo mmekwisha kuamua kwamba hazitafunguliwa kamwe, na waya za umeme zisipite ndani ya paneli hiyo. Siku ya kwanza, lenta hiyo inagharimu mbao chache tu, lakini ikisahauliwa, miaka mitano baadaye itabidi paa litegemezwe kwa magogo na dari ibomolewe.

Vipimo navyo vitokane na bidhaa zinazopatikana. Plaiwudi ina futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440, na mbao nyingi za paini zinazotoka Mufindi huuzwa kwa urefu wa futi 12, ambao ni sawasawa na upana wa plaiwudi tatu. Kwa hiyo kipande kimoja cha nyumba chenye milimita 3,660 kwa 4,880, takriban mita za mraba 18, hujengwa karibu bila mabaki, na kipande cha pili hukaa ubavuni mwake bila kukata hata karatasi moja. Angalizo moja: mbao ya 2 kwa 6 ikivuka futi 12 za sakafu bila kubebwa katikati itabonyea, basi pitisheni mhimili chini yake.

Kufuata kipimo cha mbao si fikra ngeni kwetu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikuweza kuvuka zaidi ya takriban mita 3, na ndani ya mpaka huo familia iliyokuwa na binti wa kuozwa iliweza kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au kuvusha chumba juu ya kichochoro kwa wikio, yaani daraja la kuunganisha nyumba mbili. Huko London, msanifu Walter Segal, aliyezaliwa Berlin mwaka 1907, alipanga nguzo zake kwa upana wa mbao bapa za dukani ili zisikatwe, akaziacha kuta bila mzigo, na wakazi wa Lewisham waliojijengea nyumba kwa mbinu yake waliweza kuhamisha viambaza kadiri maisha yao yalivyobadilika. Someni michoro yake, hasa jinsi paneli zinavyoshikwa.

Kuhusu paa, chagueni la miteremko miwili inayokutana juu kwenye mgongo mmoja, na mwelekeze upanuzi kwenye ncha za mgongo huo, kwa sababu hapo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, huongezwa moja baada ya nyingine na bati huendelea bila bonde, yaani kiungo ambapo miteremko miwili hukutana chini, mahali ambapo uvujaji huanza. Mbao zitiwe dawa ya kuzuia mchwa na ziinuliwe kutoka ardhini. Zikaushwe pia kabla ya kuungwa, kwani paini mbichi husinyaa kwa upana, na kipande kilichonyooka leo hakitakutana vizuri na kile kitakachokuja baadaye.

Choo na jiko viwe upande mmoja ambao haupanuliwi, mabomba yakae mahali pamoja.

Familia pia hupungua, na hili wengi wetu hulisahau. Watoto wakiondoka, kipande kimoja kinaweza kupangishwa, lakini ni pale tu ambapo kina mlango wake wa nje. Nyumba za Kiswahili za Dar es Salaam, zenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi na uani nyuma, zimewapokea wapangaji kwa vizazi kwa sababu kila chumba kinafikiwa bila kupita katika chumba kingine. Mlango wa nje wa kipande kimojawapo uwe pia bila ngazi, au ngazi zake ziweze kubadilishwa kuwa mteremko, kwa ajili ya mzee atakayekuja au wenye nyumba wenyewe watakapozeeka.

Mwisho wa ujenzi, mwachieni mwenye nyumba mchoro unaoonyesha lenta zilizofichwa, mishazari na njia za waya, na mbandike nakala nyuma ya mlango wa swichi kuu. Fundi atakayeitwa miaka kumi baadaye hatawajua ninyi. Ataufungua mlango huo ili azime umeme kabla ya kuanza kazi, na mchoro atakuwa nao mbele yake.