Mstari umejaa, flashi bado inaandikwa

Ndugu, unaponakili faili kwenda kwenye flashi, mstari wa kuonyesha maendeleo kukimbia hadi karibu na mwisho kisha kuganda, hasa kompyuta yako ikitumia Ubuntu (mfumo endeshi wa jamii ya Linux), mara nyingi si ubovu wa flashi. Linux huweka faili kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwanza, na mstari huhesabu kilichoingia huko. Kuandika kwenye flashi yenyewe kunaendelea polepole, kimyakimya. Usiichomoe! Bonyeza alama ya kuitoa iliyo kando ya jina lake, usubiri ujumbe wa kuruhusu. Ukitaka uhakika zaidi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sync kisha ubonyeze Enter. Amri hiyo haimaliziki mpaka data iliyosubiri kwenye RAM iandikwe. Faili kubwa za video huchukua dakika kadhaa, vumilia tu.