Kabla ya kushika kisu, kaa na jiwe

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza vilima vya mchezo wa mezani, ule unaochezwa kwa visanamu vya askari, kila jiwe nililipaka kijivu. Mpwa wangu, enzi hizo ana miaka tisa, alichukua moja, akaligeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Anko, hili jiwe mbona kama kiazi?" Kisha akanyoosha kidole dirishani. Tunaishi Igogo, hapa Mwanza, na dirisha letu la sebuleni linatazamana na miamba iliyobebana mlimani, mingine mikubwa kuliko nyumba zilizojibanza katikati yake. Nimekulia chini ya miamba ile. Sikuwa nimewahi kuitazama kwa jicho la mtu anayetaka kuitengeneza.

Jioni ile nilipanda na daftari, nikakaa mpaka giza likaingia. Nilichokiona ndicho ninachowaambia wote wanaoniuliza naanzia wapi: tafuta maji yamepita wapi. Miamba yetu ni matale, yaani graniti, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa muda mrefu sana mvua na jua vimekuwa vikiyafanyia kazi. Maji huingia kwenye nyufa. Pembe hushambuliwa kutoka pande mbili au tatu kwa pamoja, kwa hiyo ndizo zinazoisha kwanza, na jiwe lililoanza kama tofali linabaki duara. Baadaye ngozi ya nje hubanduka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Ukishaelewa hivyo, huhitaji kukisia umbo.

Rangi nayo ni hivyohivyo. Kijivu kipo, lakini chini yake kuna uwaridi wa madini ya felspa na ukahawia. Pale mvua inapotiririkia pana michirizi myeusi ya wima. Chini ya vipenu vya miamba pana michirizi mizito myeupe, nayo ni kazi ya pimbi, maana wanyama hao huenda haja mahali palepale miaka nenda rudi na mkojo wao ukikauka huacha chokaa. Kuna mabaka ya kuvumwani, yale yanayoganda juu ya jiwe kama rangi iliyomwagika, mengine kijani cha majivu, mengine rangi ya chungwa. Na miguuni mwa jiwe, kiasi cha magoti, pana wekundu wa udongo uliorushwa na matone ya mvua. Hilo la mwisho watu wengi hawalipaki, na ndilo linalofanya jiwe lionekane limeota ardhini badala ya kuwekwa juu yake.

Kabla ya kukata chochote, piga hesabu ya ukubwa. Visanamu ninavyotumia vina kimo cha milimita 28, yaani milimita moja ya mezani ni kama sentimita sita za kweli. Punje ya mchanga yenye milimita moja, ukiibandika karibu na mguu wa askari, imekuwa kokoto ya kujaa kiganja. Ndiyo maana mchanga wa kawaida huonekana kama kifusi. Mimi huuchekecha kwa chujio la chai: ulio laini unakuwa udongo, uliobaki juu unakuwa changarawe. Ukichota wa baharini, usuuze kwa maji baridi mara kadhaa na uuanike vizuri, la sivyo chumvi itakuja kuchanua nyeupe juu ya kazi yako.

Kwa mawe makubwa natumia foamu nyeupe ya kwenye boksi la televisheni au friji. Foamu ngumu ya kuzuia joto, ile ya waridi au ya buluu, inakatika vizuri zaidi, ukiipata ichukue. Hii nyeupe ina vipunje, na vipunje vikionekana jiwe limeshakufa. Kwa hiyo naikata kwa kisu chenye wembe mpya, naisugua kwa msasa mpaka pembe zote zipotee, kisha naipa ngozi: gundi nyeupe ya mbao, unga wa jipsamu kama ule wa mafundi wa dari, rangi nyeusi ya maji kidogo, na mchanga laini uliochekechwa. Koroga mpaka iwe uji mzito. Paka, acha usiku mzima, paka tena. Kabla ya mkono wa pili haujakauka, gongagonga kwa foili iliyofinyangwa kuwa mpira. Mikunjo yake inaacha ukwaruzo mdogomdogo usiojirudia, jambo ambalo mkono wa binadamu hauwezi, kwa sababu mkono hupenda mpangilio.

Nyufa zilinisumbua muda mrefu. Nilikuwa nachora kwa kisu, na zinabaki kuwa michoro. Siku moja nikakata jiwe zima vipande viwili kwa mstari uliopinda, nikavibandika tena nikiacha nafasi ya milimita mbili, kipande kimoja kimeshuka kidogo kuliko mwenzake. Kivuli kilichoingia mle ndani hakuna rangi inayoweza kukiigiza. Tangu siku hiyo kila kilima changu kina angalau jiwe moja lililopasuliwa kweli.

Sasa onyo, na hili lilinigharimu kilima cha wiki tatu. Usiku wa kuamkia siku ya mchezo niliona nitawahi nikitumia rangi ya kopo la kupuliza. Kulikuwa na sehemu upande wa chini ambayo ngozi ya gundi haikuifunika vizuri. Ndani ya dakika moja foamu ilianza kubonyea na kujikunja, jiwe la juu likatumbukia ndani ya kilima huku natazama. Viyeyusho vya kwenye kopo la kupuliza vinayeyusha foamu. Vivyo hivyo petroli, na gundi zile za kukauka papo hapo. Ama ifunike foamu yote, kila tundu, ama upake kwa brashi rangi za maji tu. Na usiikate kwa kisu cha moto chumbani, hasa penye watoto. Moshi wake ni sumu. Msasa nao ufanyie nje, na uvae barakoa.

Upakaji naanza na giza: kahawia iliyokaribia weusi, mpaka ndani ya nyufa. Kisha nachana kipande cha sponji ya godoro, nachovya, nafuta sehemu kubwa ya rangi, halafu nagusagusa. Kwanza kahawia nyepesi, kisha waridi iliyopauka, kisha kijivu, kila moja ikiacha ya chini yake ichungulie. Hapo ndipo chembechembe za matale zinapotokea. Baada ya hapo rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, imekuwa kama chai ya rangi: naweka tone kwenye ufa, naliacha lishuke lenyewe. Usilielekeze. Litapita palepale ambapo mvua ingepita.

Kuhusu brashi kavu, yaani kufuta brashi mpaka ikaribie kuisha rangi kisha kuipitisha juu ya kingo, wengi huitumia kwa kila kitu. Kwa jiwe la duara naona inaharibu, linaonekana limenyunyiziwa unga wa sembe. Lakini ukitengeneza mwamba wa pwani, brashi kavu ndiyo yenyewe. Jiwe la matumbawe, lile lililojengea kuta za Kilwa Kisiwani, ni la aina nyingine kabisa: limejaa vitundu, kingo zake zinakata mguu, nje limekuwa jeusi kwa miaka ya kupigwa na hewa ya bahari, ndani ni rangi ya krimu. Usilisugue kwa msasa. Litoboetoboe kwa kijiti cha meno na brashi ya waya, lipake giza, ndipo upitishe krimu kwa brashi kavu.

Vitako vya visanamu vinahitaji jiwe jembamba, kwani kitako cha milimita 25 hakina nafasi ya mwamba, na miguu lazima ikanyage mahali. Mimina unga wa jipsamu kwenye maji, si maji kwenye unga, ukoroge taratibu, umwage juu ya mfuko wa nailoni unene wa milimita nne hivi. Unga huo utapata joto, kisha utakuwa mgumu. Uvunje kwa mikono, usikate. Ukingo uliovunjika tayari ni mwamba.

Majani nayafanya kwa katani ya kamba: nakata vipande vya milimita tano, nalowesha kwenye rangi ya kijani iliyochanganywa na njano, nasimika vitatu vitatu kwenye tone la gundi. Yasimike kwenye nyufa na miguuni mwa mawe, mahali udongo unapokusanyika. Juu ya mgongo wa jiwe pabaki patupu.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na minne na ndiye mwenye funguo za kabati la vilima. Mwezi uliopita alileta mezani kilima chake mwenyewe. Chini ya kipenu kimoja alikuwa amevuta mchirizi mzito mweupe, na juu kidogo ya mchirizi huo ametoboa tundu, upana wake kama punje ya mtama, la pimbi kuingilia.