Mikanda ya VR yanuka jasho, waipsi zanimalizia pesa

SWALI: Salaam aleikum Shangazi. Mimi kijana wa Likoni, nina hedseti mbili za VR, yale mamiwani makubwa ya kuvaa usoni kuchezea gemu, wikendi navuka nazo feri hadi bustani ya Mama Ngina watoto wacheza kwa pesa. Sasa na hili joto la kaskazi mikanda yake ya kichwani yanuka jasho vibaya, kwa siku namaliza pakiti nzima ya waipsi, vile vitambaa vyenye majimaji vya kupangusia, na ule mfuko wa taka naona haya hata kuubeba. Mama aniambia nikamulie ndimu au nitie siki. Nishike lipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Umefanya vizuri kuona haya, manake waipsi nyingi zina polista, yaani ni plastiki, haziozi, na masika ikija mitaro yazimwaga baharini hapo hapo watu wanapokaa wakila mihogo. Na hata mkanda haziutakasi. Mkanda wa kitambaa ni kama fulana, jasho na mafuta ya nywele yashaingia ndani ya nyuzi, ukipangusa juu harufu yarudi kabla ya adhuhuri.

Mpwa wangu alikuja na mkanda wake, nkauchomoa nkautia kwenye karai na maji vuguvugu na sabuni ya kipande, dakika kumi tu maji yakawa kama chai ya rangi, na huyu kila siku alikuwa akiufuta kwa waipsi! Kwa hivo kwanza osha, habari ya kuua vijidudu yaja baadaye. Sugua kwa mswaki mkuukuu kwenye mishono na pale panaponata ambapo nywele hunasa, usiusokote kuukamua lastiki italegea, uviringe ndani ya taulo uukandamize. Kama mkanda wako una spika au betri ndani usiutie majini, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwenye maji ndo twakosea sana sisi wa Mombasa. Maji ya kisima ya chumvi sabuni haitoi povu, na ukisuuzia hayo mkanda ukikauka waona mistari myeupe na wakwaruza paji la uso, tena chumvi yavuta unyevu hewani kwa hivo haukauki sawasawa na harufu yaanza upya. Sugua na ya kisima ukitaka lakini suuza ya mwisho iwe maji matamu, kopo mbili za mtungi wa mkokoteni zatosha. Kisha anika ndani mbele ya feni usiku kucha, jua kali lachakaza lastiki. Na hedseti yenyewe usiiache juani lenzi zikitazama juu, zakusanya jua kama kioo cha kukuzia na skrini yaungua, alama haitoki.

Ndimu hapana, mwambie mama kwa adabu. Maji yake yakibaki kwenye ngozi halafu mtoto akae juani yaweza kumtoa malengelenge na weusi wa wiki kadhaa. Siki kidogo kwenye maji yaondoa harufu, ukisuuza baadaye, lakini usiitegemee kuua vijidudu, na usiichanganye na jiki hata siku moja, hutoa gesi ya klorini.

Kati ya mtoto na mtoto huwezi kuosha, foleni iko hapo, najua. Basi kata leso kuukuu za pamba vipande vingi, kila mtoto afungwe chake kichwani kabla ya mkanda, jioni vyote karai moja vikachemshwe. Ile sponji ya usoni ivalishe kava ya silikoni, hata Facebook mwaka 2021 ilitoa kava za silikoni baada ya watu kulalamika kuwa sponji za hedseti zake za Quest 2 zawasha ngozi, na huko Marekani zilikuwa zimeuzwa karibu milioni 4. Silikoni ndo yapokea spiriti, ya asilimia 70, pangusa uache ikauke yenyewe, na usikimbilie ile kali zaidi, maji yaliyomo ndo yasaidia spiriti kufanya kazi. Lenzi ni kitambaa cha miwani kikavu, basi.

Na mtoto mwenye macho mekundu au mapunye usimvishe, hata akilia, mrudishie pesa yake. Wakumbuka mwanzo wa 2024 macho mekundu yalivotembea Pwani nyumba kwa nyumba, virusi vya namna ile vyaweza kukaa siku nyingi kwenye kitu kikavu na spiriti haivimalizi kirahisi. Ukigundua ashavaa, hedseti hiyo iweke kando siku hiyo, mkanda na kava vioshwe karai ya peke yake, na mikono yako pia kwa sabuni kabla hujagusa ile ya pili.