Jiwe la mvuani, chumba kisicho na vumbi

SWALI: Mhariri, nilipotembelea idara ya jiolojia ya chuo kikuu nilioneshwa karakana ya kukatia mawe, halafu maabara ambayo mtu haingii bila koti maalumu na vifuniko vya viatu. Jiwe limenyeshewa mvua miaka na miaka; usafi huo wote ni wa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, vyumba hivyo vina kazi tofauti. Karakanani jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi, kipande kikagandishwa kwenye kioo na kusagwa hadi unene wa milimita 0.03, ndipo mwanga upenye na madini yatambulike kwa hadubini. Fundi mzoefu huacha kusaga pale kwatzi, madini yaliyo katika mawe mengi, inapoonekana ya kijivu au manjano hafifu kwa hadubini yenye vichujio vya mwanga, ustadi ambao kwa maoni yangu hausifiwi inavyostahili.

Usafi unahitajika katika kupima umri. Chembe ya zirkoni, madini magumu yaliyomo ndani ya mawe, inapoumbika, hupokea metali ya urani lakini huikataa metali ya risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani yake baadaye hutokana hasa na kuoza kwa urani, yaani atomi zake kugeuka polepole kuwa risasi; nusu ya urani-238, aina kuu ya urani, huchukua takriban miaka bilioni 4.47 kugeuka, na kwa kulinganisha urani na risasi umri hujulikana. Mvua imegusa ngozi tu ya jiwe, bali risasi ya ndani ya chembe ni haba mno hata vumbi la nguo laweza kuharibu jibu. Ndiyo maana hewa huchujwa, tindikali ya kuyeyushia chembe husafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, na watafiti hupima pia sampuli isiyo na jiwe lolote, wapate kujua ni risasi kiasi gani imeingia kutoka maabara yenyewe.