Fundi, mbona unakula kila kitu?

Wiki hii jarida limetuuliza wasomaji: ni jambo gani lilikukatisha tamaa hadi ukakaribia kuliacha, na ulifanyaje ukaanza kulimudu? Kwangu ni sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kwa drafti sitaki kujisifu, waulizeni wanaokaa kijiweni kwetu chini ya mkungu. Anayetaka kucheza na mimi huja na soda yangu mkononi kabisa. Basi kijana wa jirani, yuko kidato cha tatu, alipoleta sataranji aliyojifunza shuleni, mimi niliona ni drafti iliyotiwa mapambo tu. Ubao si uleule, visanduku 64? Siku tatu zilinitosha kujua kila kete inavyotembea. Miezi miwili baadaye nilikuwa sijamfunga hata mara moja.

Kufungwa na mtoto mbele ya watu wanaokuheshimu ni jambo zito. Kijiweni wakaanza: "Leo fundi kapimwa suruali!" Nikaona nijifiche kwenye simu, huko Lichess, tovuti ya sataranji ambako kucheza ni bure na hakuna anayekujua. Wanakuanzishia alama 1500 za uwezo, zinazopanda ukishinda na kushuka ukifungwa. Wiki ya pili nilikuwa na 1120.

Nilikuwa nacheza michezo ya dakika tatu tatu. Nikifungwa, kidole kinabonyeza mchezo mwingine kabla kichwa hakijauliza kilichotokea. Nirudishe tu! Usiku mmoja nilifungwa mara 11 mfululizo, nikalala saa tisa. Asubuhi nikashona shati la bwana harusi, nikalipiga pasi, nikalining'iniza. Alipokuja kulijaribu, mikono inakataa kukaa: wa kulia nimeuweka kushoto, wa kushoto kulia. Nikafumua huku bwana harusi amekaa ananitazama. Mke wangu hakusema kitu. Aliichukua simu akaifukia kabatini, chini ya vitenge.

Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Aliyenirudisha ni yule kijana, na wala hakunipa ushauri, aliuliza swali tu. Tulikuwa tunacheza dukani, mimi nina weusi. Nikaona askari wake pale b2 (kila kisanduku kina jina lake, herufi ya safu ya wima na namba ya safu ya mlalo) hana mlinzi, malkia wangu akashuka akamla. Kijana akanyanyua farasi kutoka c3 akamtua a4. Nikatazama huku, nikatazama kule: kila mlango umefungwa, malkia wangu ndio kashikwa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Fundi, mbona unakula kila kitu?"

Nikamjibu kwa ukali, "Si umeiweka mwenyewe!" Lakini swali halikunitoka. Usiku ndipo nikaelewa. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiona cha kula ukaacha, umevunja sheria. Miaka ishirini na kitu mkono wangu umefundishwa hivyo: kete ikikaa wazi, mkono unatangulia. Kwenye sataranji hulazimishwi kula, isipokuwa pale ambapo ndiyo hatua pekee uliyobakiwa nayo. Kumbe ubingwa wangu wa kijiweni ndio uliokuwa unanichoma! Nilikuwa najiona mjinga, au nimezeeka, kumbe ni mazoea ya mchezo mmoja nimeyabeba hadi kwenye mwingine.

Yule askari wa b2, wachezaji huko duniani humwita askari mwenye sumu. Mwaka 1972 mjini Reykjavik, Bobby Fischer wa Marekani alikuwa anagombea ubingwa wa dunia na Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti. Katika mchezo wa 11 malkia wa Fischer alimla huyohuyo askari wa b2. Spassky akarudisha farasi nyuma hadi b1, hatua ambayo mimi nisingeiota, na mwishowe malkia akanaswa, Fischer akafungwa. Hakukata tamaa, ubingwa aliuchukua yeye, kwa pointi 12½ dhidi ya 8½. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu dukani. Sikuwa wa kwanza.

Nikageuza daftari langu la vipimo, nikaanza kuandika kwa nyuma. Kila nilipofungwa niliandika sentensi moja: nimefungwa kwa nini. Si hatua zote, sina muda huo. "Nimekula farasi, ngome ikabaki peke yake." "Nimekula askari, mfalme akabaki uchi." Kurasa mbili zilipojaa niliona neno "nimekula" limejirudia hadi linatia aibu. Kompyuta nayo inachambua mchezo wote kwa sekunde chache na kukuonyesha ulipoharibu, lakini haijui kwamba wewe ulikulia kwenye drafti.

Nikahamia michezo ya dakika 15. Nikajiwekea kwamba nikifungwa mara mbili, simu inarudi kwenye vitenge. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko kujifunza chochote ubaoni, na bado siku nyingine linanishinda.

Alama nazo niliacha kuzitazama kila saa baada ya kuelewa zinavyokwenda. Asili yake ni hesabu za Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, ambazo shirikisho la dunia, FIDE, lilianza kuzitumia mwaka 1970. Kwa hesabu hizo, anayemzidi mwenzake alama 200 hutarajiwa kuvuna takribani robo tatu tu ya pointi. Kwa hiyo hata yule ninayemzidi hivyo ana robo yake kwangu. Nilikuwa nakasirikia kitu ambacho hesabu ilishakipangia nafasi.

Kilichonipandisha hasa ni kujifunza mchezo kuanzia mwishoni, njia aliyoihimiza Capablanca, yule bingwa wa Cuba. Mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, basi. Mimi nilikuwa namsukuma askari mbele na mfalme anafuata nyuma. Askari anafika e7, mfalme wangu e6, mfalme wake yuko e8 na zamu ni yake. Hajatishwa, lakini hana pa kukanyaga. Sare! Ushindi umeyeyuka mkononi. Mfalme ndiye anayetangulia: akifika e6 askari akiwa bado e5 nyuma yake, na wa mwenzako akiwa e8, unashinda, zamu iwe ya nani.

Jumamosi iliyopita tulifika hapohapo na kijana, ila safari hii mfalme mtupu nilikuwa mimi. Akaharakisha askari. Nikarudi nyuma moja kwa moja, mfalme wangu akitazamana na wake, hadi e8. Sare. Kijana akaanza kupanga kete upya, masikio yamemwiva. "Tena, fundi. Sasa hivi." Nikamwambia nina suruali mbili za kumaliza kabla ya magharibi, aende kwanza akanywe maji.